Kipande cha Mpishi

Baba yangu ana ugonjwa mmoja, kuuliza watu ukoo. Fundi wa mabomba akija kwetu mtaa wa West Indies kurekebisha sinki, hajafungua hata mkoba wa vyombo ameshaulizwa yeye ni wa wapi, ukoo gani, mama yake ametoka kwa kina nani, na nyanya mzaa baba je. Fundi atajibu yote hayo akiwa amepiga magoti kwenye maji. Sinki ni baadaye.

Sisi ni Waluhya, lakini baba hakuzaliwa Magharibi. Alizaliwa kwenye shamba la mzungu upande wa Moi's Bridge, ambako babu alikuwa akikamua ng'ombe, akakulia hapo, akasoma hapo, halafu akaendesha lori la mahindi hadi alipostaafu. Pengine ndiyo maana aliushika ukoo kwa mikono miwili. Kwa miaka kumi na minane alikuwa mwenyekiti wa chama cha ukoo wetu hapa Eldoret. Ukizaliwa nyumba kama hiyo unazoea mambo: sufuria kubwa za matanga zimejaa kwenye korido, hema limekunjwa chini ya kitanda chako, na simu ya mtu usiyemjua anayetaka kujua kama mchumba wake ni dada yake.

Kwa sababu kwetu watu wa ukoo mmoja hawaoani. Hata kama mmoja amezaliwa Mombasa na mwingine Kitale, hata kama hawajawahi kuonana tangu dunia iumbwe, ni ndugu, na maneno yameishia hapo. Baba alikuwa mkali sana kwa jambo hilo.

Mimi nilichoshwa nalo mapema. Nikiwa na miaka ishirini hivi niliapa kwamba kitu kimoja ambacho sitawahi kumuuliza mwanaume ni ukoo wake. Nitamuuliza kama ana kazi, nitamuuliza kama ana mke mahali, lakini ukoo, wacha. Na mimi nikiapa, nimeapa. Mama yangu husema kichwa changu kingefaa kuvunjia kokoto.

Basi nilikuwa nimefika miaka thelathini na tatu, nauza dawa za mifugo kwenye duka moja mjini, ndipo akaanza kuja mteja mmoja kutoka Kapseret. Alikuwa anapandisha ng'ombe kwa mbegu za mtungini, na alinunua zile glavu ndefu za kufika begani. Alinunua glavu nyingi kuliko ng'ombe wote wa Kapseret. Siku moja nikamwambia, "Daktari, kama unataka kuniona, njoo tu. Glavu utazipeleka wapi?" Alicheka mpaka akashika kaunta. Miaka miwili ikapita hivyo, tukila chapati na maharagwe saa saba, tukipanga maisha. Sikumuuliza ukoo. Yeye naye nilimwambia tu kwamba baba ni dereva mstaafu. Chama nilikificha kwa aibu.

Siku ya kumleta nyumbani alivaa koti ambalo hadi leo sijui aliliazima kwa nani. Baba akamsalimia, akamkalisha, na kabla chai haijamiminwa akaanza. Wa wapi? Ukoo gani?

Akautaja ukoo wetu.

Baba aliruka kutoka kwenye kiti akamshika mikono yote miwili. "Sasa wewe mtoto wetu, umekuwa ukijificha wapi miaka hii yote?" Akamuuliza baba yake ni nani, akagundua kwamba baba yake mdogo ni mwanachama wetu, tena rafiki yake wa kutaniana. Akaenda chumbani akarudi na kile kitabu kikubwa cha chama, akavaa miwani, akaanza kumwandikisha. Aliandika jina, kazi, namba ya simu. Mama alikuwa ameacha birika hewani, ananiangalia mimi. Mchumba wangu naye ananiangalia mimi, jasho linamtoka.

"Baba," nikasema, "huyu hajaja kuandikishwa."

Kalamu ikasimama. Baba aliniangalia, akamwangalia yeye, akaangalia lile koti. Akavua miwani polepole.

"Mama," akaniambia, maana nimebeba jina la mama yake na ndivyo anavyoniita, "huyu ni kaka yako."

"Kaka yangu nimemjua lini? Mimi nimemjua dukani."

"Ni kaka yako hata kama umemjua jana."

Chai ya siku hiyo ilipoa ikamwagwa. Wiki mbili nzima baba na mimi tulisemeshana kupitia kwa mama, ingawa tulikuwa tumekaa meza moja. Mwambie anipe chumvi. Mwambie chumvi iko mbele yake. Mama akachoka akatuambia kwamba yeye si posta.

Baba ndiye aliyeanza kulegea. Ananipenda, na hilo sijawahi kulitilia shaka. Aliniita akaniambia kuna njia moja tu. Wazee hukubali mara moja moja, ikiwa vizazi vya watu wawili vimeachana zamani sana, juu kabisa, kabla ya wale wanaokumbukwa. "Niletee mstari wa mababu zetu na wa mababu zake," akasema. "Nikiona mahali ilipoachana, nitapeleka kwa wazee mimi mwenyewe."

Mstari wa mchumba wangu tuliupata kwa nusu saa. Baba yake mdogo aliketi kwenye kigoda, akaugeuza uso kuelekea ng'ombe zake na kutaja baba tisa mfululizo bila kuvuta pumzi, mimi nikiandika. Nilirudi nyumbani nikikimbia. Nikamwambia baba, "Haya, sasa sisi."

Baba akajitaja mwenyewe. Akamtaja babu. Akamtaja baba ya babu. Halafu akakohoa.

"Endelea," nikasema.

"Mzee hakupenda maswali," akajibu, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwona baba yangu akiona haya. Mtu aliyeuliza Eldoret nzima alikuwa na mababu wawili tu. Nilitaka kucheka, lakini niliona uso wake nikanyamaza. Nikamuuliza sasa alijuaje ukoo wetu. Akainuka akaleta kipande cha babu.

Nilikuwa nimekisikia tu, sijawahi kukishika. Ni karatasi iliyokunjwa ndani ya kijikopo cha bati, ambacho wafanyakazi wa zamani walilazimishwa kuvaa shingoni kwa kamba. Ndani kuna jina, wilaya, jina la chifu wa nyumbani, alama ya vidole, na chini yake kazi zote ambazo mtu amefanya, kila mzungu akitia sahihi. Baba alikuwa kijana alipokipeleka kwa wazee wa chama. Walisoma jina na mahali pa chifu, wakamwambia, wewe ni wetu, karibu. Wakamkumbatia. Baba akisimulia siku hiyo sauti yake hubadilika.

Nikakitandaza kwenye meza ya jikoni, nikasoma. Kazi ya kwanza, mpishi. Ya pili, mpishi. Ya tatu, mpishi, na mzungu ameongeza neno la kumsifu.

"Baba, babu alikuwa mpishi?"

"Alikamua ng'ombe maisha yake yote."

Babu alikufa nikiwa darasa la sita, namkumbuka vizuri. Nyanya alikuwa hamruhusu hata kukaribia jiko. Siku moja aliachiwa uji auangalie, akaunguza uji, sufuria na kitambaa. Halafu nikaona tarehe. Babu alikuwa akituambia kila Krismasi kwamba alifika lile shamba wakati wa vita vya Hitler, ndevu zikiwa bado hazijaota. Nikapiga hesabu kwa vidole, nikarudia. Kazi ya kwanza kwenye kipande ilitiwa sahihi babu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

"Ama babu alizaliwa ameshika mwiko," nikasema, "ama hiki kipande si chake."

Baba alikichukua, akakikunja, akakirudisha koponi. Akasema wazungu walikosea sana kuandika. Akatoka nje akaosha pikapu ambayo ilikuwa safi.

Kesho yake asubuhi, mimi nikiwa navaa viatu vya kwenda kazini, akaniambia nipige simu dukani niombe ruhusa. Kuna mtu mmoja tu aliyebaki kati ya wale waliokaa na babu kwenye mistari ya nyumba za wafanyakazi shambani. Ni bibi kizee ambaye baba alikua akimwita kukhu, yaani nyanya, ingawa si nyanya yake. Shamba lilipokatwakatwa, alipata kipande chake kidogo cha ardhi huko huko Moi's Bridge, na bado yuko.

Tulimkuta amekaa kwenye gunia, miguu ameinyoosha mbele, anachambua maharagwe. Amezeeka hadi kubaki mdogo, lakini macho yake yalikuwa yanatembea. Alimtambua baba kwa sauti kabla hajageuka. Tukaketi, tukasaidia kuchambua, maana kwake huwezi kukaa bure. Baba akazunguka sana. Akauliza mvua, akauliza mbolea, akauliza magoti. Mimi nikashindwa kuvumilia, nikatoa kipande kwenye mkoba nikamsomea.

"Kukhu, hapa wanasema babu alikuwa mpishi."

Akaacha maharagwe. Akakiomba, akakishika kile kijikopo cha bati, akakigeuza geuza.

"Mpishi alikuwa mume wangu," akasema. "Baba yake huyu alikuwa hajui hata kuchemsha maji."

Akatusimulia, bila haraka. Mume wake alikuwa mpishi hodari, lakini mguu wake ulikuwa umeharibika, na alikuwa ameamua kuacha kazi ya wazungu abaki kulima. Wakati huo huo akafika kijana kutoka ng'ambo, upande wa Uganda, kupita mto Sio. Alikuwa ametembea siku nyingi. Hakuwa na kipande, na bila kipande hakuna kazi, na askari akikushika unafungwa. Mpishi akamhurumia. Akakivua shingoni akamvisha. Akamwambia, chukua, kuanzia leo wewe ndiye mimi.

"Sasa mzungu aliyekuja hapo alikuwa mgeni, hakutujua," kukhu akaendelea. "Akasoma kipande, akaona mpishi, akafurahi sana. Akamtuma jikoni atengeneze chakula cha asubuhi."

"Ikawaje?"

"Alikaanga mayai na maganda yake. Nyama ya nguruwe akaichemsha ndani ya chai."

Baba alicheka. Sijawahi kumwona akicheka namna hiyo, alijipiga mapaja, machozi yakamtoka, na kukhu akacheka naye bila meno. Babu alifukuzwa jikoni kabla ya saa tatu, akatupwa kwa ng'ombe, na huko ndiko ikaonekana kwamba mikono yake imeumbwa kwa kukamua. Akakaa hapo hadi mzungu akarudi kwao.

Halafu kicheko cha baba kikaanza kupungua. Niliona kabisa pale wazo lilipomfikia.

"Kukhu," akasema, "kwa hivyo jina langu."

"Ni la mume wangu."

"Na ukoo."

"Na ukoo pia ni wa mume wangu. Wa baba yako ni mwingine."

Akamuuliza mbona hakuwahi kusema. Kukhu akarudi kwenye maharagwe kidogo. Akasema babu alimwomba. Mwanzoni aliogopa kufungwa, halafu akazoea, halafu watoto wakaingia shule na jina hilo, akaona ataanzia wapi. "Na mimi nilinyamaza kwa yangu," akasema. "Mume wangu alikufa mapema, na mimi sikuzaa. Lakini nilikuwa nikikaa hapa nasikia jina lake linaitwa shambani kote, watoto saba. Ningelizima kwa nini?"

Nilimshika mkono, ulikuwa mwepesi na mkavu.

Baadaye akamtajia baba jina halisi la baba yake, na ukoo, na mahali. Baba alimwomba alirudie. Akalirudia mara tatu, na baba akalisema nyuma yake, akijaribu kuliweka sawa mdomoni.

Nitasema ukweli. Moyoni nilikuwa nimefurahi kiasi cha kutaka kupiga vigelegele. Mchumba wangu hakuwa kaka yangu. Hakuwahi kuwa. Lakini nilipomwangalia baba akitembea kwenda kwenye pikapu, mabega yameshuka, nilitamani nisingeligusa lile kopo. Mimi nilikuwa napata mume, yeye alikuwa anapoteza watu wote alio nao. Kwa sababu ili mimi niolewe, ni lazima mtu asimame mbele ya ukoo aseme sisi si wa ukoo huo. Mtu huyo hangeweza kuwa mimi. Na kama angeamua kunyamaza, hakuna ambaye angejua, kukhu alikuwa ameshanyamaza maisha yake yote.

Njiani alisimamisha gari tukanunua mahindi ya kuchoma. Nikamwambia kama anataka tunyamaze, tutanyamaza, nitamwacha yule mwanaume.

"Kula mahindi," akasema.

Hakusema zaidi, si siku hiyo, si wiki iliyofuata. Mkutano wa chama huwa Jumapili ya mwisho ya mwezi. Nilimweleza mchumba wangu kila kitu, naye akasema hili ni la mzee, tusimsukume. Nikamwambia ni rahisi kwake kusema, yeye ana baba tisa. Tuligombana kidogo hapo, tukapatana. Mama akaanza kumpikia baba kuku katikati ya wiki. Baba alikula kuku kimya kimya.

Jumapili ikafika. Mkutano ulikuwa kwa mwanachama mmoja wa Kapseret, hema limewekwa uani, viti vya plastiki vimejaa. Nilienda na wanawake wa chai ili nisionekane kuwa nimekuja kusikiliza. Baada ya sala, katibu akasoma kumbukumbu za mkutano uliopita, akamkaribisha mwenyekiti. Baba yangu akasimama. Alikuwa amevaa suti yake ya harusi za watu.

Aliwasimulia yote. Alianza na mayai, watu wakacheka vizuri, wakadhani ni mzaha wa kuwachangamsha. Halafu akafika kwenye kipande, na kicheko kikaisha safu kwa safu kuelekea nyuma.

"Mlinipokea nikiwa kijana na karatasi ya mtu mwingine," akasema. "Sikujua. Sasa nimejua, na nikinyamaza nitakuwa nimewaibia. Mimi si wenu."

Katibu akamwambia, "Mwenyekiti, wacha mchezo."

"Sichezi."

Mama mmoja akainuka nyuma, ambaye mwaka uliopita baba alikuwa amemzuilia mwanawe kuoa. Akataka kujua mwanawe alizuiwa na ukoo upi, kama mzuiaji mwenyewe ni wa Uganda. Watu wakaguna, wengine wakacheka. Baba akamwomba msamaha pale pale, na sidhani aliwahi kumwomba mtu msamaha mkutanoni. Akaketi.

Ndipo baba mdogo wa mchumba wangu akasimama, yule wa kutaniana naye. Hao wawili hawakuwa wakisalimiana bila matusi ya mapenzi. Aliuliza swali moja tu. "Kwa hivyo msichana wako si dada ya mtoto wetu?"

"Si dada yake."

Yule mzee akavua kofia. Akarudi nyuma hatua mbili, maana kwetu mkwe hakaribiwi ovyo na hatukanwi hata kwa mzaha. Akainamisha kichwa kwa heshima, bila tabasamu, akasema, "Mkwe, karibu kwetu." Heshima ile ilikuwa imemaliza utani wa miaka kumi na minane, na wote wawili walijua.

Baba akaondoa kiti chake kwenye meza ya mwenyekiti. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akakibeba mwenyewe hadi upande wa pili wa hema, wanapokaa wakwe, akakiweka, akaketi akiwatazama wale watu wote. Niliacha birika la chai nikaenda kukaa kando yake. Upande wetu tulikuwa wawili.

Mkutano ulipoisha walimsindikiza hadi kwenye gari wakiwa wametulia, kama wanavyosindikiza mgeni. Akanipa ufunguo, yeye ambaye hajawahi kuniacha niendeshe pikapu yake. Alikuwa akisema lile jina la babu kwa sauti ndogo, tena na tena, akiliunganisha na lake.

Kwenye makutano ya barabara, mtu mmoja wa bodaboda alimtambua akampungia mkono. "Habari ya Jumapili, mwenyekiti."

Baba akashusha kioo. "Mimi si mwenyekiti," akasema. "Mimi ni mwana wa," na akalitaja jina la baba yake, lote, kwa nguvu, ingawa katikati sauti ilimkatikia.

"Sawa, mzee," yule mtu akasema.

Baba akapandisha kioo akalia, mimi nikaendesha.